Chezeni na Lenzi, Msicheze na Sura

Nimefundisha kwa miaka mingi kuliko nilivyofanya kazi nyingine yoyote, na mazoea ya mwalimu ni kusahihisha. Kwa hiyo msomaji asishangae nikianza insha hii kwa kutangaza ugomvi. Nina ugomvi na vijana wapenda picha. Sigombani nao kwa kila walifanyalo, maana mengi yao nayapenda na mengine nawaonea wivu. Lakini liko jambo moja wanalolifanya kwa nia njema kabisa, tena bila malipo, ambalo naliona ni dhuluma, na nimelinyamazia mara moja. Sitalinyamazia mara ya pili.

Jumamosi jioni huwaona hapa Tanga, kule Raskazone, wamebeba kamera mpya za bei kubwa ambazo mbele yake wamefunga lenzi zenye umri mkubwa kuliko wazazi wao. Hunijia kwa adabu. “Shikamoo Babu. Tumesikia unayo Zenit.” Ninayo. Niliinunua kwa mwalimu mwenzangu wa Kirusi aliyekuwa akimaliza mkataba wake na kurudi kwao, na nikailipia kwa miezi minne. Ni Zenit-E, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965, nzito kama tofali. Kipimo chake cha mwanga hakitumii betri, na shata yake haiendi upesi kuliko sehemu moja ya 500 ya sekunde. Kwa kamera hiyo nilipiga picha za mahafali, za mashamba ya chuo, za michezo, na za walimu wenzangu, katika miaka ile ambayo filamu moja ya picha 36 ilibidi itoshe muhula mzima.

Niseme kwanza pale ambapo vijana hawa wako sahihi, maana agombanaye bila kutenda haki ni mpayukaji tu. Lenzi wanayoitafuta zaidi ni ile iliyokuja na kamera yangu, yaani Helios-44 ya milimita 58. Asili yake si Urusi. Imetokana na Biotar, lenzi ya Kijerumani ya kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, iliyokuwa sokoni tangu miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jena ikiwa imeangukia mikononi mwa Warusi, ujuzi ule ulihamia Krasnogorsk, karibu na Moscow, na mwaka 1958 Helios-44 ikaanza kutoka kiwandani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, ndiyo maana hata leo hazijapotea.

Lenzi hii ina dosari. Ukilifungua tundu lake lote, katikati ya picha panatokea vizuri, lakini kadiri unavyokwenda pembeni mwanga hukatwa na ukingo wa lenzi yenyewe. Vidoa vya mwanga vilivyo nyuma ya mtu, badala ya kuwa duara, huwa na umbo la jicho la paka, navyo hujipanga kuizunguka katikati ya picha. Majani ya mwembe huonekana kama yanazunguka, mfano wa maji yanayoingia shimoni. Mafundi walijua kuwa hiyo ni kasoro, na lenzi zilizofuata zilijitahidi kuiondoa. Vijana wa leo wanaitaka kasoro hiyo hiyo. Na kwa kuwa kamera nyingi za siku hizi hazina tena kile kioo cha kuakisi ndani, ipo nafasi ya kutosha kuweka pete ya kuunganishia, na lenzi ya hesi ya milimita 42 ikakaa mbele ya kamera ya mwaka huu bila taabu.

Wazee wenzangu huwacheka. Husema, kwa nini mtu mwenye gari jipya alifunge gurudumu la mkokoteni? Mimi siwacheki. Kijana anayelenga kwa mkono, akazungusha pete polepole mpaka jicho la anayepigwa picha likatulia, anajifunza kutazama. Kamera inayofanya kila kitu yenyewe haimfundishi hivyo. Tena dosari ya lenzi ni dosari ya kweli. Mwanga uliingia, kioo kikaupindisha, ikatokea hivyo siku ile, saa ile, mbele ya mtu yule. Hakuna aliyeibuni baadaye akiwa mezani.

Wala sisemi kuwa kuhariri picha ni dhambi. Huo ungekuwa unafiki, maana mimi mwenyewe nilihariri. Chumba changu cha giza kilikuwa bafu la nyumba ya mkuu wa chuo, dirisha limezibwa kwa blanketi, taa nyekundu inaning'inia juu ya ndoo. Nilikuwa nasafisha picha usiku, watoto wakiwa wamelala. Uso ukitoka mweusi mno kuliko ulivyo, niliukinga kwa kipande cha karatasi ngumu wakati mwanga wa kikuzio ukipita. Anga likitoka jeupe mno, niliongeza sekunde. Hayo ndiyo yanayofanywa leo na programu kwa kidole kimoja. Mwaka 1857 Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 kutengeneza picha moja iliyoonyeshwa Manchester, Uingereza, na Malkia Victoria akanunua nakala. Na hapa kwetu pwani, Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekuwa na studio mjini humo, alikuwa akikata na kuunganisha picha hata mtu akaonekana mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kukaa. Watu waliziona, wakacheka, wakazinunua. Hakuna aliyedanganyika.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Mchezo unaojionyesha kuwa ni mchezo hauna ubaya. Mchezo unaojificha, ukajifanya ni kumbukumbu, huo ndio ninaoupinga.

Kwa mfano, wapo wanaopiga picha asubuhi, na jioni wakaipaka rangi ya chai, wakaitia mikwaruzo na madoa ili ionekane imetoka katika sanduku la bibi. Huo ni uzee wa kuazima, na mimi niliyeupata uzee wangu kwa njia ya kawaida huwa natabasamu tu. Ni kosa dogo. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha njia wanayoielekea: wakishazoea kuwa ukale ni rangi ya kupaka, wataona pia kuwa watu wa kale ni rangi ya kupaka.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Nilikuwa na rafiki, mwalimu wa hisabati katika chuo chetu. Alikuwa na mwanya mkubwa wa meno ya juu, na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu refu. Kovu lile nalijua lilivyopatikana, maana nilikuwepo. Usiku mmoja wa masika mwanachuo alizidiwa na malaria, gari la chuo halina mafuta, na rafiki yangu akampakia kwenye baiskeli akampeleka hospitali gizani. Walianguka kwenye daraja. Mgonjwa hakuumia, rafiki yangu akapasuka uso. Alifungwa kitambaa, akaendelea kusukuma baiskeli mpaka wakafika. Mwanachuo yule alipona, akawa mwalimu, na alifundisha hadi alipostaafu.

Mwaka 1981 nilimpiga picha rafiki yangu akiwa chini ya mwembe wa chuo, anacheka, vidole vimejaa vumbi la chaki. Ilipigwa kwa Helios ile ile. Nilimpa nakala moja. Alifariki mwaka 1994, na binti yake wa mwisho alikuwa na miaka mitatu.

Mwaka 2024 familia ilifanya misa ya kumbukumbu ya miaka 30. Nikaalikwa. Mlangoni mwa nyumba lilikuwepo bango kubwa lenye picha ya marehemu, na picha hiyo ilichapwa pia kwenye fulana za wajukuu. Nilisimama mbele ya bango lile muda mrefu. Mwembe niliutambua. Shati nililitambua. Mtu sikumtambua.

Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, mweupe kuliko rafiki yangu, ngozi laini kama ya tangazo la sabuni. Meno yamepangana sawasawa bila mwanya. Kovu halikuwepo. Macho yalikuwa makali na maangavu, lakini hayakuwa yake.

Binti akaja, akanishika mkono. “Shikamoo Baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umeona baba alivyokuwa mzuri? Miaka yote nilikuwa sijamwona vizuri. Sasa ndiyo nimemwona.”

Ndugu msomaji, ungejibu nini? Mimi, niliyewahi kusimama mbele ya mamia ya wanachuo nikihimiza ukweli, nilisema, “Ndiyo, mwanangu,” nikaingia ndani.

Aliyeifanya kazi ile ni mmoja wa vijana wangu wa Raskazone, tena mwenye kipaji. Nilimwita nyumbani. Hakuficha kitu, wala hakuona sababu ya kuficha. Picha aliyoletewa ilikuwa imefifia na kuraruka. Aliipiga nakala kwa lenzi yake kuukuu, kisha akaipitisha katika programu za akili mnemba zinazosafisha nyuso. “Babu,” akaniambia, “niliondoa kasoro tu.” Nilipouliza iliko nakala ya asili, alisema aliirudisha kwa familia, familia wakasema walishaweka mpya kwenye fremu na ile ya zamani haionekani. Nilipomwomba ile aliyoinakili kabla ya kuigusa, alisema aliihifadhi mpya juu ya ile ya kwanza.

Huo ndio ugomvi wangu. Kijana yule alikuwa na lenzi yenye dosari shingoni mwake. Dosari hiyo aliitafuta, akailipia, akaisifu mbele ya wenzake, akaiita tabia ya lenzi. Lakini alipokutana na kovu la mtu aliyepasuka uso akiokoa maisha ya mwanafunzi, aliliita kasoro akalifuta. Ni haki gani hii inayokipa kioo cha Krasnogorsk heshima ambayo mwalimu wa Kitanzania ananyimwa?

Asijitetee mtu kwa kusema ni mashine iliyofanya. Mashine hizi hazimkumbuki marehemu. Zimelishwa maelfu kwa maelfu ya nyuso za watu wengine, na zikikuta uso uliofifia hujaza pengo kwa kukisia kutokana na nyuso hizo. Mwaka 2020 programu moja iliyoitwa PULSE, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, ilipewa picha ndogo yenye ukungu ya Barack Obama. Ilirudisha uso safi kabisa wa mwanamume wa Kizungu. Ikiwa uso unaojulikana dunia nzima umeweza kupotea hivyo, atapona mwalimu wa hisabati aliyebakiwa na picha moja?

Na hili la ngozi kuwa nyeupe si jipya kwetu. Enzi za filamu za rangi, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Picha ikitoka vizuri kwake, ilihesabiwa kuwa imetoka vizuri kwa wote. Ndiyo maana katika picha nyingi za zamani tulibaki meno na macho. Hatukuweza kufanya lolote, kwa sababu filamu haikutengenezwa na sisi. Lakini leo kitufe kiko mkononi mwetu wenyewe, na bado tunajing'arisha. Kosa la Kodak tulifanyiwa, hili tunajifanyia.

Iko pia mifano ya kutisha zaidi. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipigwa picha akiwa kando ya bosi wake kwenye mfereji wa Moscow. Alipouawa mwaka 1940 alifutwa pichani, pakabaki maji matupu. Na mwezi Aprili 2021 chombo cha habari cha Vice kilitoa picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Kambodia, watu waliopigwa picha kabla ya kuuawa na utawala wa Khmer Rouge. Msanii alikuwa amezitia rangi, na baadhi ya nyuso akazitia tabasamu. Jamaa za marehemu walilia, Wizara ya Utamaduni ya Kambodia ikataka ziondolewe, nazo zikaondolewa. Sidhani kuwa msanii yule alikuwa na roho ya Stalin. Yeye alitaka kupendezesha, na Stalin alitaka kuficha. Lakini wote wawili walimnyang'anya marehemu kitu cha mwisho alichobaki nacho, na marehemu hana mdomo wa kukataa.

Najua majibu watakayonipa. La kwanza, kwamba familia ilifurahi. Kweli ilifurahi, na furaha ya yule binti ndiyo iliyonifunga mdomo. Lakini alifurahi kwa kuwa aliamini amemwona baba yake. Angeambiwa kuwa nusu ya uso ule ni makisio ya mashine, angefurahi vile vile? Kama jibu ni ndiyo, basi aambiwe. Kama jibu ni hapana, basi alidanganywa.

La pili, kwamba kila picha ni uongo kwa namna fulani, kwa kuwa mpiga picha huchagua pa kusimama na wakati wa kubonyeza. Hoja hii naijua, hata wanachuo wangu waliipenda. Ni sawa na kusema kuwa kila ushahidi una upungufu, kwa hiyo shahidi na aseme apendavyo. Kuchagua pembe ya kumtazamia mtu na kumuumba mtu mwingine ni mambo mawili tofauti, na kila mwenye akili timamu anajua tofauti yake.

La tatu, kwamba picha ile ilikuwa inakufa, na kazi ya kijana iliiokoa. Hili ndilo zito, na nalijibu kwa unyenyekevu, maana nami nina lawama. Baada ya misa nilifungua kopo la maziwa ya unga ninamohifadhi negativu zangu. Nilikuta kipande cha filamu ya mwaka 1981 kimeliwa na kuvu, kama ilivyo kwa vitu vingi hapa pwani kwenye unyevu. Nilipaswa kuvitunza nikazembea. Upande wa kulia wa uso umekwisha. Upande wa kushoto upo, na kovu lipo, na nusu ya mwanya ipo. Nilimpelekea kijana akaninakilia, nami nikamsimamia asiongeze wala asipunguze kitu zaidi ya kuulinganisha mwanga. Kisha nikaenda kwa yule binti nikamweleza habari ya baiskeli na daraja, ambayo hakuwahi kuisikia. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza jicho gani lilikuwa karibu na kovu. Akaishika ile picha iliyooza, na kidole akakiweka pale pale.

Sikuwataka waliteremshe bango wala kuzivua fulana. Hilo ni lao. Lakini kwenu ninyi vijana wangu nina masharti, na nayatoa kama mkuu wa chuo alivyozoea kuyatoa, bila kuomba.

Kwanza, picha ya asili isiguswe. Inakili, ihifadhi peke yake, na uirudishe kwa mwenyewe mkononi, ukimsisitizia aitunze hata kama imeraruka. Pili, kila picha uliyoibadili iandikwe nyuma yake: nani, lini, na kipi kimebadilishwa. Mstari mmoja unatosha, na anayeona haya kuuandika ajiulize kwa nini. Tatu, uso wa marehemu usiuguse bila kukaa na mtu aliyemjua. Mwulize: kovu hili ni la nini? Mwanya huu ulikuwepo? Rangi yake ilikuwaje? Kama hakuna aliyebaki wa kujibu, basi uache ukungu ubaki ukungu. Nne, acheni kutung'arisha.

Mengine yote nawaruhusu. Zungusheni majani ya miembe mpaka yachoke. Tafuteni lenzi za kale masokoni, zifungueni, zisafisheni kuvu, mzifunge kinyumenyume mkitaka. Unganisheni picha mpaka mtu aonekane amekaa ndani ya kikombe cha kahawa, nasi tutacheka. Zenit yangu nimeshamwandikia yule yule kijana katika wasia, kwa sababu mkono wake ni mzuri na nimeona anasikia. Nimeiwekea sharti moja tu: siku yangu ikifika, aichague picha yangu niliyopigwa kwa Helios ile, niliyokunja uso kwa jua, na aichape jinsi ilivyo, na upara wangu na mikunjo yangu.